Kumhamisha Mlevi Si Kumtibu

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakina kificho: hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kipigo, hata kama mila zasema vinginevyo. Sheria hiyo sasa imepita nusu karne. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu, asilimia 27. Nafuu hiyo si ya kubezwa, lakini asilimia 27 ya wanawake wa nchi nzima ni umati mkubwa.

Serikali haikukaa kimya. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Katika baadhi ya hospitali vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mganga, polisi na ofisa wa ustawi wa jamii huwa mahali pamoja, ili aliyeumizwa asizungushwe ofisi hata ofisi akiwa na fomu ya PF3 mkononi. Hata kijana aliyenaswa na heroini anayo pa kwenda: Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na kliniki za namna hiyo zimefunguliwa katika mikoa mingine. Mtu aliyetawaliwa na pombe ndiye asiyejua aanzie wapi. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba, Machi 1, 2017, vifuko viliondolewa madukani. Aliyekwisha kuzoea alibaki na kiu yake.

Yafaa ieleweke kwamba ulevi si udhuru. Wapo waume wasioonja pombe na wanapiga, na wapo wanaolewa ambao hawajainua mkono. Mume anayetoka kilabuni usiku, akakutana na balozi njiani na kumwamkia kwa adabu zote, kisha akafika nyumbani na kumpiga mkewe, hakupotewa na akili yote. Alijua nani wa kupigwa na nani wa kuamkiwa. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba mtu huyo akiacha pombe kipigo nacho kitakwisha, anamwahidi mke jambo ambalo hana hakika nalo. Usalama wa mke na watoto hauwezi kungojea mume apone.

Lakini utegemezi wa pombe ni ugonjwa, na ugonjwa hautibiwi kwa karipio. Mwili uliozoea pombe kwa miaka, ukinyimwa ghafla, hutetemeka na kutoka jasho. Wengine hupatwa na degedege na kuweweseka, na wengine hufa. Mtu wa namna hiyo anahitaji mganga, dawa kama diazepamu, vitamini B1, na uangalizi wa siku kadhaa. Jamaa wanaomshauri mke amfungie mumewe chumbani mpaka aache, wanawaweka hatarini wote wawili. Askari anayemtia mahabusu mlevi wa miaka mingi naye hana budi kulijua jambo hili.

Maofisini hali ni ya kusikitisha zaidi. Ulevi kazini ni kosa la kinidhamu, na ni haki uwe hivyo. Lakini ni wakuu wangapi wa kazi ambao, baada ya barua mbili tatu za onyo, huona njia nyepesi ni uhamisho? Mwalimu mlevi hupelekwa shule ya mbali, mkuu wake akashusha pumzi. Mkewe hufuata. Huko hana shangazi wala jirani aliyezoea kusikia kilio chake usiku na kugonga mlango. Ofisi imejiondolea kero kwa kumwondolea mwanamke kinga yake ya mwisho.

Yuko pia mwanamke anywaye mwenyewe, mara nyingine kwa kusahau kipigo. Akifika kulalamika huulizwa alikunywa chupa ngapi kabla ya kuulizwa wapi panamuuma. Sheria ya mwaka 1971 haikumtenga.

Si kila hatua inangojea majengo mapya. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, wauguzi wa idara ya dharura wamefunzwa utaratibu uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambao kwao majeruhi hupewa mazungumzo mafupi juu ya unywaji wake. Maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa huko huko Moshi. Hospitali ya wilaya yaweza kuyauliza. Dawati la Jinsia laweza kumwelekeza mtuhumiwa kwa mganga bila kuifuta kesi yake. Na mwenye kumhoji mke amhoji peke yake, kamwe si mbele ya mumewe. Mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambako sheria hupeleka mashauri mengi kabla ya talaka, yalizingatie hilo kuliko wote.

Naye mkuu wa idara, kabla hajatia sahihi barua ya uhamisho, aulize kama mtumishi huyo amewahi kuonana na mganga, na kama mkewe, huko anakopelekwa, anamjua hata mtu mmoja wa kumkimbilia.