LDP, Chama Kilichomezwa na Chungwa

Nipo Kiganjo kwa mahafali ya mpwa wangu chuo cha polisi (baridi ya huku haimwonei huruma Mpwani). Wazee wa hapa ukiwauliza habari za 2002, watakutajia DP ya Kibaki, mwana wa Othaya, na NARC. LDP hawaitaji.

Na sisi Pwani tumeisahau vilevile. Oktoba 2002, baada ya Moi kumchagua Uhuru, kina Raila, Kalonzo na Kamotho walitoka KANU wakaingia LDP, chama kidogo chenye jina la kiliberali. Wakaafikiana na Kibaki kugawana vyeo nusu kwa nusu. Kibaki akapata asilimia 62 ya kura. Baada ya hapo LDP ikalalamika kila siku kuwa makubaliano hayatimizwi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo uliberali ulipopotea. Nchi yenye lugha zaidi ya 40 huwezi kuihutubia kwa manung'uniko ya uwaziri. Ila 2005 hoja ilikuwapo: rasimu ya katiba iliyomwachia rais mamlaka makubwa. LDP ikaipinga kwa alama ya chungwa, na chungwa halihitaji mkalimani. Nyeri ikashika ndizi, Pwani chungwa, na rasimu ikaanguka kwa asilimia 58. Kibaki akavunja baraza la mawaziri, wa LDP wakaachwa nje. Jina jipya likawa ODM.

Pwani tumeipigia ODM tangu 2007. Wangapi kati yetu waliwahi kuuliza sera yake kuhusu ardhi, kabla ya kuuliza nani kapewa tiketi?