Usalama wa mitandao: ukuta peke yake hautoshi

Makampuni, banki na mashirika mengi yanaamini kwamba kisha kuweka ukuta wa ulinzi kwenye serveri yao, kazi imemalizika. Huko ni kujidanganya. Ukuta unazuia wageni, lakini unapashwa kuwa na mlango kwa wafanyakazi wanaotumika mbali na biro. Ulizo ni hili: kwenye mlango ule, serveri inamtambua mtu kwa njia gani?

Inchini Marekani, kampuni Colonial Pipeline ilipata jibu kwa bei kali mwaka wa 2021. Bomba lake linapeleka karibu asilimia 45 ya mafuta yanayotumiwa kwenye pwani ya mashariki. Tarehe 29 Aprili, wezi waliingia kupitia VPN, njia ya wafanyakazi wenyewe. Hawakubomoa ukuta wowote. Walikuwa na neno la siri la akaunti ya zamani, iliyoachwa bila kufungwa. Serveri iliomba neno lile tu, ikafungua. Tarehe 7 Mei bomba lilisimamishwa, vituo vingi vikakosa mafuta, na kampuni ikalipa bitcoin 75, karibu dola milioni 4,4. Mkuu wake, Joseph Blount, aliambia Baraza la Seneti kwamba neno lile lilikuwa gumu. Ugumu haukusaidia kitu: neno lililokwisha kuibwa ni la mwizi.

Dawa inajulikana. Neno la siri lisiwe peke yake. Programu ya simu inatoa namba inayobadilika kila sekunde 30. Namba ya SMS ni afadhali kuliko kukosa yote, lakini anayenyakua laini ya mtu anaipata pia. Kilicho imara zaidi ni ufunguo mdogo wa USB: siri yake haitoki ndani, na unakataa kujibu ukurasa wa uongo.

Wakubwa wengi wanalalamika juu ya gharama. Lakini programu za namba ni za bure, na kufunga akaunti ya mfanyakazi aliyeacha kazi hakuombi hata franga moja. Kongo ina Sheria ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za watu binafsi. Hata hivyo, sheria haifungi mlango. Mgonjwa aliyeandikisha jina lake hospitalini na mama aliyeweka akiba yake kwenye kooperative hawawezi kuchunguza serveri. Wanaolipwa kwa kazi ile ndio wanapashwa kuanza leo, kwa kuhesabu akaunti zilizobaki wazi.