Jina la Mölders halikustahili kikosi

Mwaka 2005 Peter Struck, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, aliagiza jina la Werner Mölders, rubani wa kivita wa enzi za Hitler, liondolewe kwenye kikosi cha ndege za kivita cha Neuburg, kilichokuwa nalo tangu 1973. Maofisa wengi wastaafu walikasirika. Kwangu waziri alifanya haki, ingawa hoja iliyovuma zaidi upande wake ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Hoja hiyo ni Guernica. Aprili 26, 1937, ndege za Kikosi cha Condor, kilichotumwa na Hitler kumsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ziliuteketeza mji huo wa Wabaski. Aprili 1998 Bunge la Ujerumani likaazimia kwamba waliopigana katika kikosi hicho wasienziwe tena jeshini. Lakini Mölders alijiunga na kikosi hicho Hispania mwaka 1938, mji ukiwa umeshaungua. Kumtwisha moto ule ni kumwonea.

Kisichokwepeka ni kazi yake mwenyewe. Hispania alidungua ndege 14, akaikuza mbinu ya kuruka nne nne, zimeachana kama ncha za vidole, kila rubani akimlinda mwenzake. Hata Waingereza waliiga. Julai 1941, Ujerumani ikiivamia Urusi, akawa rubani wa kwanza kudungua zaidi ya ndege 100, na Hitler akamtunuku nishani ambayo hakuna mwanajeshi aliyewahi kuipata kabla yake. Umahiri huo ulisafisha anga ili vifaru vipite, na nyuma ya vifaru walifuata wauaji wa Wayahudi. Yeye hakumpiga risasi raia shimoni. Njia, hata hivyo, aliifungua, tena kwa bidii.

Watetezi wake husema alikuwa Mkatoliki mcha Mungu. Ni kweli. Lakini barua iliyosambaa baada ya kifo chake, ikimwonyesha akiwapinga wakubwa, ilighushiwa na wapiga propaganda wa Uingereza. Alikufa Novemba 22, 1941, akiwa abiria katika ndege iliyoanguka Breslau, akielekea mazishi ya Ernst Udet, jenerali wa jeshi la anga. Hatuwezi kumhesabia ujasiri wa Stauffenberg, aliyejaribu kumuua Hitler mwaka 1944, kwa kukisia tu kwamba angeishi angebadilika.

Marubani wanafunzi waisome mbinu yake darasani, pamoja na vita alivyovitumikia. Kikosi cha dola ya kidemokrasia kinapojiita kwa jina la mtu kinamwambia askari kijana: uwe kama huyu. Mölders alimtumikia Hitler hadi siku yake ya mwisho, na hiyo ilitosha kumnyima heshima hiyo, Guernica iwepo au isiwepo.