Kaunti zisisubiri mikono iishiwe nguvu

Maradhi ya kudhoofika kwa misuli hunyemelea taratibu. Katika aina ya Duchenne, inayowapata hasa wavulana, miguu hulegea kwanza, kisha mikono. Kijana hufika umri wa mitihani akitatizika hata kushika kalamu.

Teknolojia ya kumsaidia ipo. Elektrodi zinazobandikwa kwenye ngozi hunasa umeme hafifu wa msuli unapojaribu kujikaza. Kompyuta ndogo huusoma, na mota ikakunja vidole vya glavu maalumu. Hata msuli usioweza kuinua kikombe waweza kutoa ishara hiyo. Lakini kadiri msuli unavyoisha, ndivyo ishara inavyofifia. Kifaa kikichelewa, hakifai kitu.

Hapo ndipo kaunti za Kisii na Nyamira zinapopaswa kuwajibika. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha, na huduma za afya za kaunti zimegatuliwa. Hospitali za rufaa za kaunti hizi zishirikiane kuwatambua watoto hawa mapema. Chuo Kikuu cha Kisii na vyuo vya ufundi viwafunze vijana kuunda na kukarabati vifaa hivi, kwani kifaa kisicho na fundi huishia stoo.

Wawakilishi wadi nao watenge fedha mahususi za vifaa na wataalamu wa kuwafundisha wagonjwa kuvitumia. Maradhi haya hayangoji mwaka mwingine wa fedha.