Chipsi, soda na unene: je, lawama zote ni za mama?

Mtoto akipungua uzito, anaulizwa mama. Mtoto akizidi uzito, anaulizwa mama huyo huyo. Na mama mwenyewe akipimwa presha ikasoma 150 kwa 95, anaambiwa apunguze mafuta na sukari, kisha anaitwa anayefuata kwenye foleni. Basi si ajabu kwamba katika ziara za nyumbani hapa Kinjumbi swali linalonirudia ni hili: "Nesi, kwani haya ya chipsi na soda ni kosa langu mimi?"

Jibu langu fupi ni kwamba lipo fungu lako, lakini ni dogo kuliko unavyoambiwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi ni 18 kati ya kila 100. Mwaka 2015-16 walikuwa 28. Utafiti wa 2022 ukaonyesha wamepita theluthi moja. Mijini ni wengi zaidi, lakini vijijini nako wanaongezeka. Sasa weka pembeni yake takwimu nyingine ya utafiti huo huo wa 2022: watoto 30 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo yapo majumba ambamo mama ana uzito uliozidi na mtoto wake ni mfupi kuliko umri wake, wote wakila chungu kimoja. Huwezi kusema nyumba hiyo ina chakula kingi. Ina chakula cha kushibisha kisichojenga: wanga, mafuta na sukari.

Hapo naomba tuelewane kuhusu unene wenyewe. Kwetu pwani mwanamke akinenepa husemwa ametunzwa, kapendeza, mume anamjali. Akikonda, watu wanaanza kunong'ona kuhusu ugonjwa. Sikuambii uuchukie mwili wako. Nakuomba upime kiuno kwa futikamba ya fundi cherehani. Kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke ambaye si mjamzito, njoo tupime presha na sukari hata kama hujisikii vibaya, maana presha haina desturi ya kubisha hodi.

Chakula chetu kimebadilikaje?

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 pale Rufiji, na baadaye lami ya Ndundu hadi Somanga ilipokamilika, ukanda wetu ulipata heri kubwa. Mgonjwa anafika hospitali na mazao yanafika sokoni. Lakini lori linalochukua ufuta halirudi tupu. Linarudi na kreti za soda, madumu ya mafuta, unga wa ngano, biskuti, juisi za paketi na vinywaji vya kuongeza nguvu. Hakuna mama aliyekaa kikao akaamua hayo.

Ufuta ndio unaonisikitisha zaidi. Karibu nusu ya punje ya ufuta ni mafuta, tena mazuri kwa moyo, na ndani yake mna madini ya chokaa na chuma. Tunaulima, tunauuza mnadani, halafu tunanunua mafuta ya dumu, ambayo sehemu kubwa nchini hutoka nje, tukaangie maandazi. Korosho ni hivyo hivyo. Siwalaumu wanaouza, hela ya ada na bati inatoka huko. Ila kubakiza debe moja la ufuta nyumbani, ukatwanga na kutia kwenye mboga au uji wa mtoto, hakumfilisi mtu. Na uamuzi huo mara nyingi si wa mama. Malipo yakiingia, anayeyashika ni baba, na baba akirudi na furaha yake huja na soda za watoto. Sijasikia baba akiitwa kliniki kuulizwa habari ya sukari hiyo.

Nayo sukari hiyo si kidogo. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 350 ina karibu gramu 35 za sukari, si chini ya vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa kwa mtu mzima isizidi takriban gramu 25 kwa siku, vijiko sita. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo. Yaani chupa moja imemaliza siku nzima na kuvuka.

Mahakama ilisemaje kwa wenzetu

Mwaka 2002 huko New York, Marekani, wasichana wawili kupitia wazazi wao waliishtaki kampuni ya McDonald's kwamba chakula chake kimewanenepesha na kuwaletea maradhi. Mwaka 2003 jaji Robert Sweet aliitupa kesi. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba watu wanajua, au wanapaswa kujua, kuwa kula vyakula hivyo kwa wingi kunadhuru. Anayejua akaendelea, ajilaumu mwenyewe.

Hoja ina uzito, lakini inasimama juu ya neno "kujua". Mama wa hapa anajua nini kuhusu paketi yenye maandishi madogo kwa lugha asiyoisoma, iliyochorwa matunda wakati ndani hamna tunda? Anaona embe, anadhani ni embe. Na akijua je? Mbaazi zinataka kuni na saa nyingi jikoni, naye ametoka shamba. Andazi liko tayari kwa shilingi mia moja au mbili.

Sisi wa sekta ya afya tuna mfano wetu ulio bora kuliko ile kesi. Ni maziwa ya kopo. Kampuni zilipoyatangaza kama bora kuliko ya mama, dunia haikuishia kuwahubiria kinamama. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wake, na Tanzania nayo ikatunga kanuni zake. Soda na biskuti hazimo kwenye kanuni hizo. Wengine wametumia kodi. Mexico ilianza Januari 2014 kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari, na ununuzi ukashuka. Uingereza tangu Aprili 2018 inatoza kulingana na kiasi cha sukari, na viwanda vingi vikaipunguza kabla hata mnunuzi hajafikia chupa. Huo ndio wajibu wa wakubwa, na tusiwabebee.

Fungu letu

Hapo shuleni. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hata mchango wa chakula umefutwa. Haukufutwa. Waraka wa serikali uliacha chakula cha mtoto wa kutwa kuwa jukumu la mzazi. Pasipo na chungu shuleni, mtoto anapewa mia tano, naye anaipeleka kwenye pipi, barafu za rangi na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Ukipiga hesabu, mia tano kwa siku tano za wiki ni shilingi 2,500. Kwa mwezi ni 10,000. Watoto watatu, 30,000. Fedha hiyo inatosha mahindi na kunde za uji na makande, na bado inabaki.

Wale wanaouza pale getini ni kinamama wenzetu, wengine wana mikopo ya vikundi. Kuwafukuza ni kuhamisha njaa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Wanaweza kuuza mihogo ya kuchemsha, mahindi, machungwa, maembe ya msimu na karanga, kamati ya shule ikikubaliana nao na wazazi tukawanunulia.

Kikao cha wazazi kikiitishwa, nenda na hesabu hiyo ya 30,000 kwenye karatasi, na uende na baba wa watoto. Akisema hana nafasi, mpe karatasi asome kabla ya malipo ya ufuta kuingia.