Pasaka imeisha, wapiganaji wako wapi?

Pasaka imepita, pilau limeliwa, nguo mpya zimerudi sandukuni na sisi tumerudi chuo kulala. Ndiyo, kulala! Kwaresima nzima watu walifunga, na mkesha wa Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama nje. Jumatano iliyofuata kwenye maombi tulikuwa tisa, na mmoja wetu alikuja kuchaji simu.

Hivi nani alitudanganya kwamba Pasaka ndiyo fainali? Hata kalenda ya kanisa inakataa. Kwaresima ni siku 40, lakini kipindi cha Pasaka ni siku 50, mpaka Pentekoste. Muda wa baada ni mrefu kuliko wa kujiandaa! Petro aliyemkana Bwana mbele ya kijakazi tu, ukifika Matendo sura ya 4 amesimama mbele ya baraza la wakubwa, mji ule ule wa Yerusalemu, na hatetereki.

Sasa njooni kwetu. Tunakemea mapepo mpaka sauti zinakauka. Sina ugomvi na hilo, vita vya kiroho vipo. Ugomvi wangu ni kwamba adui tunayemkemea Jumatano, siku ya testi tunaingia naye chumbani. Waefeso 6 tunaipenda sana kwa sababu ya upanga. Hebu isomeni taratibu. Kinachotajwa kwanza ni mshipi wa kiunoni, na mshipi wenyewe ni kweli. Upanga unakuja mwishoni huko. Sasa mtu mwenye karatasi ya majibu kwenye soksi, hana mshipi, upanga ataushika na mkono upi wakati mikono yote miwili imeshikilia suruali isidondoke?

Sisi wa ualimu ndio balaa zaidi. Muda si mrefu tunakwenda mazoezi ya kufundisha, tutasimama mbele ya watoto wa kidato cha pili tuwaambie wasidese. Kwa mdomo gani jamani?

Na kuna jambo tunaloliogopa kulitaja, la dada zetu. Mhadhiri akimwambia binti maksi zake azifuate jioni, tena aje peke yake, sisi tunamwambia "dada, tutakuombea". Sawa, muombeeni. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema hilo ni kosa. Mmemwambia? Yupo kati yenu atakayemsindikiza TAKUKURU, akae naye kwenye benchi mpaka aitwe? Watu wanaoweza kufunga siku tatu kavu lakini hawawezi kupanda daladala moja na dada yao, mimi siwaelewi.

Najua kuna wa kusema "hayo ni mambo ya dunia". Haya, fungueni Matendo sura ya 6. Kanisa bado changa kabisa, na manung'uniko yaliyozuka ni ya chakula! Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuitisha mkesha wa kukemea pepo la njaa. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, wakaombewa, kazi ikaanza. Na sharti la kuchaguliwa kuhudumia meza lilikuwa mtu awe amejaa Roho na hekima. Mmoja wao ni Stefano. Geuza ukurasa, sura ya 7, ndiye huyo huyo anayepigwa mawe akiwaombea wanaomuua. Tunataka ujasiri wa Stefano wa sura ya 7 ila meza ya sura ya 6 tunaiona ya kina mama wa jikoni.

Hapa kwetu bumu likichelewa wapo wanaokula mara moja kwa siku, na chakula chenyewe ni chai na andazi. Wengine mnasimama nao mstari mmoja kwenye kwaya. Unawajua?

Jumatano nakuja na daftari. Tukimaliza kuomba, kabla ya kusema neema, tuulizane nani hajala na nani anahitaji mtu wa kwenda naye. Kiongozi anayeona naleta siasa anifuate vimbwetani aniambie usoni, nakuwepo mpaka saa nne usiku.