Konseri inaharibikia mlangoni, si jukwaani

Mpenzi wa muziki akiulizwa konseri gani ilimfurahisha kupita zote, atataja jina la mwanamuziki. Akiulizwa ile iliyomuumiza zaidi, mara nyingi hataji mwanamuziki. Atasema juu ya mlango. Atasema juu ya tiketi aliyolipia kwa dola akakuta nafasi yake imekaliwa, ao masaa ya kusimama kwenye jua wakati jukwaani bado wanafunga nyaya za sono. Na mjini Kinshasa, tangu mwaka wa 2022, wako wale ambao watasema juu ya ndugu aliyeingia uwanjani na hakurudi nyumbani.

Tarehe 29 Oktoba 2022, siku ya Jumamosi, Fally Ipupa alikuwa anaimba kwenye uwanja wa Martyrs, uwanja mkubwa kuliko yote inchini, wenye nafasi ya watu 80,000. Hakuna aliyeshangaa kuona umati. Fally kurudi kuimba nyumbani mbele ya watu wake, hiyo ni sikukuu ya mji mzima. Lakini watu walipita uwezo wa uwanja, wakafurika hadi kwenye sehemu za VIP, na nje polisi ilirusha gesi ya machozi kutawanya waliokuwa wanasukumana. Watu 11 walikufa, wawili kati yao polisi. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Daniel Aselo, alisema walikosa hewa na kukanyagana, na kwamba waandalizi wanapaswa kuadhibiwa.

Baada ya msiba ule wengi walikubali jibu moja rahisi: watu walikuwa wengi mno. Jibu hilo halikudumu miaka miwili. Tarehe 27 Julai 2024, tena Jumamosi, tena kwenye uwanja ule ule, ilikuwa konseri ya nyimbo za dini ya Mike Kalambay. Waandalizi walitoa hesabu ya watu karibu 30,000. Kwenye uwanja wa watu 80,000, hiyo haifiki hata nusu. Hata hivyo gavana wa Kinshasa, Daniel Bumba, alitangaza vifo vya watu 7. Waandalizi wenyewe walieleza kwamba vurugu ilitokea wakati walinda usalama walipotaka kukamata watu waliokuwa wanaleta fujo.

Hapo ndipo hoja ya wingi wa watu inakwisha nguvu. Uwanja unaweza kuwa na viti vitupu maelfu na bado watu wakafa kwenye kona moja. Wanaojifunza mambo ya umati wanaeleza kwamba watu wakipita watano kwenye mita moja ya mraba, mtu hatembei tena kwa mapenzi yake, anabebwa. Kifua kinabanwa, hewa haiingii, na wengi wanakufa wangali wamesimama. Si lazima mtu aanguke ndipo akanyagwe. Inatosha mlango mmoja uliofungwa, ngazi moja nyembamba, ao gesi inayofanya watu wote wakimbilie upande mmoja kwa dakika moja.

Wala si ugonjwa wa Congo peke yake. Huko Duisburg, Ujerumani, mwezi wa Julai 2010, watu 21 walikufa kwenye Love Parade kwa sababu waliokuwa wanaingia na waliokuwa wanatoka walipitishwa njia moja ya chini ya ardhi. Sherehe ile haikufanyika tena. Ujerumani ina pesa na mainjinia wa kutosha, na hiyo haikusaidia kitu siku njia ilipochaguliwa vibaya.

Kinachoumiza hapa kwetu ni mazungumzo yanayofuata. Siku mbili tatu baada ya msiba, mitandao ya kijamii inageuka uwanja wa mashabiki. Huyu anasema mwanamuziki wake amejaza, yule anasema wa mwenzake hakujaza. Maiti wanakuwa ushahidi wa nani ni mkubwa! Kujaza kupita uwezo, ambako mahali pengine ni kosa la mwandalizi, Kinshasa kunahesabiwa kuwa sifa ya mwimbaji.

Na inchi hii haiwezi kusema haijui konseri kubwa. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, ulipokea tamasha la Zaïre 74: James Brown, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz pamoja na Fania All-Stars, na kwa upande wa nyumbani Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley na Abeti Masikini. Tamasha lilipangwa lifuatane na pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pigano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki ukapigwa kwa tarehe yake. Wazee wa Kinshasa wanasimulia siku zile hadi leo, na filamu ya Soul Power, iliyotoka mwaka wa 2008, imeonyesha sehemu yake kwa wale ambao walikuwa hawajazaliwa. Yote yalikuwa chini ya mkono mzito wa Mobutu, na hilo lisisahauliwe na wanaotamani siku zile. Lakini kinachosimuliwa ni muziki.

Kwa vijana wa mashariki, konseri bora ziko za namna mbili. Kuna zile ambazo hawakuwepo. Mwaka wa 2000 Koffi Olomide, na baadaye Werrason, walijaza ukumbi wa Bercy mjini Paris, kila mmoja kwa tarehe yake, na kaseti za video zilifika Bukavu, Goma na Kisangani kwenye vibanda ambako mtu alilipa pesa kidogo ili aone. Watu walijifunza kila hatua ya ngoma zile, na leo wanazisimulia kama vile waliuza jasho lao huko Paris. Kumbukumbu ya kukopa, lakini ni yao.

Namna ya pili ni tamasha la Amani la Goma. Lilitakiwa kuanza mwaka wa 2013, vita ikalizuia. Mwezi wa Novemba mwaka ule M23 ikashindwa, na mwezi wa Februari 2014 vijana wakaingia katika kiwanja cha Collège Mwanga kwa tiketi ya dola moja. Siku tatu, maelfu ya watu, katika mji ambao ulikuwa umetoka tu kusikia mabomu. Walioingia mle hawasemi sana juu ya ubora wa sono. Wanasema walicheza na watu wasiowajua, wa kabila lingine, wa mtaa mwingine, na wakarudi nyumbani kwa miguu. Kurudi nyumbani kwa miguu, Goma, kwa mtu anayejua mji ule, si jambo dogo. Leo, tangu M23 ilipouteka mji mwezi wa Januari 2025, kumbukumbu hiyo imekuwa nzito zaidi.

Tofauti kati ya Amani na zile Jumamosi mbili za Kinshasa haiko kwenye kipaji cha waimbaji, na bei ya tiketi peke yake haielezi yote. Kuna pia masaa. Mwanamuziki wa Congo anajulikana kwa kuchelewa. Bango linasema saa kumi, yeye anapanda usiku. Mashabiki wamezoea, wanacheka, wanaita hiyo ukubwa. Lakini umati uliongoja masaa sita bila maji si umati ule ule ulioingia. Umechoka, umekasirika, wengine wamekunywa, na watu wanaendelea kuingia kutoka nyuma kwa sababu wanajua kwamba hakuna kilichoanza. Kuchelewa kwa nyota ni hatari ya usalama, na kunapaswa kuandikwa hivyo kwenye mkataba, pamoja na faini.

Kulaumu waandalizi peke yao ni haki nusu. Uwanja wa Martyrs ni mali ya serikali. Ruhusa ya konseri inatoka kwa viongozi wa mji, na polisi wanaosimama mlangoni wanapokea amri za serikali. Waziri anayesema waandalizi waadhibiwe anasema kweli, lakini mlango wa uwanja wa taifa hauna funguo moja tu.

Kabla ya kibali kingine kutolewa, gavana anaweza kudai karatasi moja: tiketi ngapi zimechapwa, milango mingapi itabaki wazi hadi mwisho, nani anashika funguo za kila mlango na namba yake ya simu, madaktari wangapi wako ndani, na saa ya mwisho ambayo mwimbaji anapaswa kuwa jukwaani. Karatasi hiyo ibandikwe pale tiketi zinapouzwa, chini ya picha ya mwanamuziki, ili mnunuzi aisome kabla ya kutoa pesa yake.